Kisu Nilichosema Si Changu

Mwanangu Paskalina,

Salamu sikuandikii, kwa sababu hujaenda popote bado. Umetoka hapa dukani sasa hivi kwenda kuwaaga wenzako wa kwaya, na umesema utarudi kabla ya chakula. Nimekuangalia mpaka ukapita kona ya mashine ya kusaga, kisha nikashusha mlango wa duka nusu, ili mtu akija ajue nipo lakini asione ninachofanya. Unanijua. Barua hii nitaichomeka kwenye begi lako, katikati ya zile sweta mbili, na nitakuambia kwa mdomo kwamba ipo, usije ukasema hukuiona. Isome leo leo. Usiisomee kwenye gari.

Mambo ya sweta, ya dawa ya mafua na ya kula kabla ya kuingia kazini nayaacha. Wewe ni mtu mzima sasa, na baridi ya Mbulu itakufundisha yenyewe. Nataka kukuambia habari ya Fundi Elia, huyo unayekwenda kumfanyia kazi, na ya kisu kimoja cha ruta, siku ile ulipokuwa na miaka tisa umekaa juu ya hiki hiki kiti kirefu ninachokalia. Habari hiyo unaijua. Unaijua vibaya, kwa sababu aliyekusimulia ni mimi.

Juzi ulipokuwa unakunja nguo ulisema, "Mama, usiwe na wasiwasi. Huyo Elia nitamwangalia. Akianza mambo yake ya spea feki nitamkamata wiki ya kwanza." Ulisema kwa kujivuna, ukitegemea nifurahi. Nikaitikia, "Sawa mwanangu," nikaenda uani nikasimama huko muda mrefu. Ukadhani tumbo linanisumbua, ukaniletea maji ya moto. Tumbo langu lilikuwa zima kabisa.

Acha nianze na duka. Baba yako alipofariki ulikuwa huna hata meno ya mbele. Aliniachia karakana, mbao za grevilea zilizokuwa bado mbichi, na malalamiko. Malalamiko yake nilikuwa nimeyashika kwa kichwa: ruta nzuri ya kuchongea mbao, biti nzuri inayozunguka ndani yake, lakini kisu kikiisha makali au skrubu ikipotea, kazi inalala mpaka mtu aende Arusha. Mimi randa siwezi kuishika, lakini malalamiko ya mafundi niliyaelewa. Nikauza mbao na mashine kubwa, nikafungua duka la vitu vidogo tu: visu vya ruta vya kubadilisha, skrubu zake, beringi zake, funguo zake za nyota. Watu wa hapa Katesh walicheka. Mwanamke wa Maretadu, aliyekulia kwenye mahindi na maharage, atauza visu vya ruta?

Niliuza. Na nilijifunza kueleza kuliko mafundi wenyewe. Mteja mgeni akija nilimwambia: biti hii hunoi, unabadilisha. Hiki kipande cha mraba ndicho kisu, kina pande nne, upande mmoja ukiisha unalegeza skrubu, unakigeuza, unakaza tena. Ni kigumu sana lakini hakipindi hata kidogo, kwa hiyo pale kinapokaa pawe safi, maana punje ya mchanga tu ikibaki chini yake, kitapasuka. Hayo maneno nilikuwa nayasema kila siku, Paska. Nayasema kwa mdomo wangu mwenyewe. Yakumbuke ukifika mbele.

Mwaka wa kwanza nikaletewa boksi zima la visu feki. Boksi lile lile, maandishi yale yale, hata harufu ya mafuta ile ile. Vikaisha makali kabla fremu moja haijakamilika, na mafundi wakaja kunirushia juu ya kaunta. Aliyeniletea mzigo alikuwa mtu mwenye adabu nyingi, aliyenisalimia mpaka habari za ng'ombe ambao sina. Nafikiri kuna kitu kilikaza ndani yangu siku hiyo na hakikulegea tena. Nilianza kuangalia mikono ya watu kabla ya nyuso zao. Fundi akiomba kuonyeshwa kitu cha rafu ya juu, nilijua anataka nigeuke. Mwalimu mmoja mgeni, aliyehamishiwa hapa kutoka mkoa mwingine, alikuja kuuliza tu duka linafungwa saa ngapi, nikalala na panga wiki nzima. Kumbe alitaka skrubu za meza ya darasa lake.

Wewe nilikufundisha hivyo hivyo. Ulipokuwa darasa la kwanza ulikuwa unajua kusema, "Mama, yule ameweka mkono mfukoni." Nilikupa pipi kwa hilo. Leo nikikumbuka naona aibu, lakini nitakuwa muongo nikisema sikujivunia wakati ule.

Sasa wakaanza wale wa kurudisha. Alikuja mteja mmoja kutoka Masakta, kijana mpole, "Shikamoo mama," mikono nyuma. Akatoa visu vitatu kwenye karatasi, eti niliviuza mimi na vimeisha haraka, nibadilishie. Nikabadilisha. Wiki iliyofuata nikasikia pale kwenye mashine ya kusaga wanacheka kwamba mama wa spea anabadilisha chochote, hata alichookota mtu njiani. Nilikasirika sana. Nikaapa kwamba kisu kikitoka dukani kwangu, kikirudi nitakitambua, na aliyekirudisha hatajua nimekitambuaje.

Hapa ndipo pa kusoma polepole. Nilinunua chupa ya rangi ya kucha, ile isiyo na rangi, ya kung'arisha tu. Ulipokuwa shuleni nilikaa hapa na mlango umefungwa, nikafungua maboksi yote, na nyuma ya kila kisu nikadondosha tone. Nyuma, upande ule unaokaa chini, ili fundi asilione. Lilipokauka likawa gumu kama kucha yenyewe, huwezi kuliona mpaka ukiinamishe kisu kwenye mwanga. Nilifurahi sana siku hiyo. Nilijiona mwerevu kuliko wilaya nzima ya Hanang. Mimi niliyewaambia watu kwamba punje moja ya mchanga inapasua kisu, nilikuwa nimeweka punje yangu nyuma ya kila kisu, kimoja kimoja, kwa brashi.

Haikupita muda visu vikaanza kupasuka. Akaja wa kwanza, nikamwambia anakaza skrubu kama anakaza tairi la trekta. Akaja wa pili, nikamwambia mbao zake zina misumari. Wa tatu nikamfukuza. Ukiniuliza kama nilifikiria lile tone, jibu langu ni kwamba sikufikiria hata kidogo. Nilikuwa nimewafikiria watu tu. Kila kisu kilichopasuka kilinihakikishia kwamba mafundi wamekula njama. Nilikuwa nakigeuza, naliona tone langu, nasema moyoni: ni changu kweli, basi wamekiharibu makusudi.

Elia alikuwa hayumo katika hao. Elia alikuwa mtu wa Gendabi, wa familia ya wafugaji, na wengi hapa mjini hawakuamini kwamba mtu wa ng'ombe anaweza kuwa fundi wa mbao. Alikuwa na karakana ndogo nyuma ya soko. Alinunua kila kitu kwangu na hakuomba kupunguziwa hata siku moja. Basi na hilo nikalishuku. Mtu asiyeomba kupunguziwa ana lake, nilimwambia mama wa duka la pili. Siku moja alipewa kazi kubwa, milango yote ya zahanati ya kijiji fulani, na akaja kuchukua boksi jipya la visu. Nilimfungia kwenye gazeti kwa mkono wangu.

Baada ya siku chache nikasikia ruta imemrukia usoni. Kisu kilipasuka biti ikiwa inazunguka, kipande kikapita shavuni, kutoka karibu na mdomo mpaka sikioni. Jicho lilipona kwa upana wa kidole. Watu walisimulia hapa kwenye kaunta, na mimi nikasema, "Pole yake," nikaendelea kupanga beringi. Ndani nikajiuliza: atanijia?

Alikuja, na ilikuwa siku ya soko. Unakumbuka jinsi duka lilivyojaa. Amefungwa bandeji nusu ya uso, jicho moja limevimba. Watu wakampisha. Hakusema kitu. Alitoa kisu kwenye mfuko wa shati, kilichopasuka pembe moja, akakiweka juu ya kaunta mbele yangu. Nikakichukua. Kidole gumba changu kikagusa lile tone kabla jicho halijaangalia. Pale pale nikaelewa yote, Paska. Si kidogo kidogo. Wale watatu, na boksi lile, na lile shavu. Nilielewa kwa wakati mmoja kama mtu aliyemwagiwa maji.

Na nikasema, "Hiki si changu."

Nikaendelea. Sauti yangu ilikuwa kubwa, unaikumbuka. Nikasema Elia ananunua visu vya bei chee kwa wachuuzi wa mnadani, anavichanganya na vya kwangu, kisha akiumia anakuja kunidai mimi mjane. Nikasema mtu wa namna hiyo ndiye mnayempa milango ya zahanati. Watu wakaguna. Na kwa kuwa niliona baadhi bado wana mashaka, nikakugeukia wewe. Wewe ndiye uliyekuwa unapanga maboksi kila jioni, na watu wote walijua una jicho kali. Nikakunyooshea kisu nikasema, "Paska, hiki ni cha duka letu?"

Ukakitazama. Ukasema, "Hapana mama. Si chetu."

Mwanangu, ulitazama upande wa mbele. Upande wa nyuma ulikuwa chini ya kidole changu, na nilikuwa nimekibonyeza mpaka kinauma. Hata ungegeuziwa usingeijua ile alama, sikuwahi kukuonyesha. Lakini najua pia kwamba kabla ya kujibu uliniangalia usoni. Ulikuwa na miaka tisa. Ulisoma jibu kwenye uso wangu ukanipa. Watu wakasema mtoto hadanganyi, mambo yakaisha.

Elia alikutazama wewe, hakunitazama mimi. Kisha akachukua kisu chake akaondoka.

Jioni ile nilikupa soda. Ulipolala nilimaliza chupa ya thina kusafisha visu vyote vilivyobaki. Kesho yake nikazunguka kwa mafundi wote niliowauzia, nikawaambia limekuja toleo jipya, lete cha zamani nikupe kipya bure. Wakanisifu kwa roho nzuri. Hakuna mwingine aliyeumia, na kwa miaka mingi nilijitetea kwa hilo: nilirekebisha, nini tena? Lakini zahanati ilimpa milango mtu mwingine. Na mtu mwingine akamnyang'anya kazi ya kabati, na mwingine ya kitanda cha harusi, maana nani anataka fundi wa vitu feki? Mwaka haukuisha, Elia akafunga karakana akapanda Mbulu. Nilisikia nafuu alipoondoka. Nakuandikia hivyo hivyo ilivyokuwa, nafuu.

Na wewe ukakua ukimsimulia Elia kama mfano wa mwizi. Kila ulipofanya hivyo ningeweza kusema. Nilinyamaza nikakuangalia ukishuku watu kwa bidii, kama ninavyoshuku mimi, ila wewe una haki zaidi, kwa sababu unaamini uliwahi kumkamata mmoja kwa macho yako.

Basi mwaka huu umemaliza chuo cha ufundi, mwalimu wako akatuma picha za kazi zako kwenye karakana mbalimbali, na wote wakakaa kimya isipokuwa mmoja. Elia wa Mbulu akajibu: "Aje." Neno moja. Nilipoliona kwenye simu yako sikulala. Mtu anayekutakia mema anaandika neno moja? Nikasema anataka kulipiza. Atakupa ruta mbovu, au atakufanyisha kazi ya kufagia maranda miaka miwili kisha akurudishe, au atakusema mbele za watu kama nilivyomsema mimi. Ndiyo maana nilikukataza, nikatoa sababu za baridi. Ulilia. Ukasema, "Mama, hakuna mwingine aliyeniita, na mimi namjua, hatanidanganya."

Wiki iliyopita nilikuambia naenda Maretadu kumwona bibi yako. Nilifika kweli. Nilimsalimia nikiwa nimesimama, shikamoo mama, marahaba, nikamwachia sukari, nikaendelea na safari mpaka Mbulu mjini.

Karakana yake ni kubwa kuliko nilivyotaka iwe. Nilisimama ng'ambo ya barabara nikaikagua kwanza: nani anaingia, nani anatoka, mbao zimepangwaje. Alinikuta nimesimama hapo hapo. Lile kovu limekuwa jeupe, linamvuta mdomo kidogo upande mmoja, hujui kama anacheka.

"Mama Paska," akasema. "Karibu. Ukaguzi wa mtu unafanyikia ndani."

"Sijaja kukagua," nikasema. "Napita tu."

"Haya. Pita basi na huku."

Nikaingia. Akanipa benchi, akaniletea chai ya maziwa, na mimi niliishika tu, nikaona kwanza kama na yeye anakunywa. Akanywa. Alikuwa anabadilisha visu vya biti. Akalegeza skrubu, akatoa kisu, akafuta pale kinapokaa kwa kitambaa, akapitisha ukucha, akafuta tena. Akachukua kisu kipya, akakigeuza nyuma, akakiinamisha kwenye mwanga wa dirisha, akakitazama sana. Hapo ndipo nilipojua kwamba anajua.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu hospitalini. Kilikuwa mfukoni kwangu. Nilikigeuza nikiwa nasubiri kushonwa, nikaliona lile tone."

"Kwa hiyo ulipokuja dukani…"

"Nilikuja nikijua. Nilikiweka kwenye kaunta upande wa nyuma ukiwa juu, ili uione alama yako. Nikasema Mama Paska ni mkali, lakini akiona mwenyewe atasema. Ukakichukua ukakigeuza."

Baadaye nikamuuliza kwa nini hakusema mbele ya watu. Akashika shavu.

"Ningesemaje? Nilikuwa na nyuzi humu, mdomo haufunguki. Ulikuwa unaongea wewe tu. Na nilipopona watu walikuwa wameshaamini. Mtu wa ng'ombe anajifanya fundi, unategemea nini."

"Ulinichukia?"

"Sana. Kila nilipokuwa nanyoa ndevu." Akakaza skrubu, akaweka funguo chini. "Siku hizi nanyoa bila kufikiria, nikiwa na haraka."

Nikamuuliza lililonileta. Nikasema, mtoto wangu unamtakia nini? Nilisema kwa ukali, hata mimi nikajisikia. Hakukasirika. Akaniambia aliona picha ya ile droo yako, jinsi ulivyounga pembe zake, akaona mtu mwenye mkono. Jina akalisoma baadaye. Alipolisoma alikaa nalo siku mbili.

"Simchukui kwa ajili yako," akasema. "Na simwachi kwa ajili yako. Lakini siwezi kufanya kazi karakana moja na mtu anayeniangalia kama mwizi. Najua umemwambia nini. Kabla hajaja, mwambie."

"Mwambie wewe. Akisikia kwako ataona ushahidi."

"Hapana. Mimi nikimwambia, atanishuku. Ndivyo ulivyomlea." Kisha akasema neno ambalo nimerudi nalo Katesh na halijaniacha. "Yule mtoto alitoa ushahidi mbele ya watu. Ana haki ya kujua kwamba hakudanganya. Alidanganywa."

Paska, nilikunywa ile chai ikiwa imepoa, nikamwambia nisamehe. Hakusema amenisamehe na hakusema hajanisamehe. Akasema gari la mwisho la kurudi linajaa mapema. Mpaka leo sijui alimaanisha nini, na nimegeuza kila neno lake kama kisu, natafuta alama nyuma. Njiani nilianza tena: labda anataka umjue mama yako ili unichukie. Labda hicho ndicho kisasi chenyewe. Nimefika nacho mpaka nyumbani, nimekaa nacho siku zote hizi, na leo naona kwamba hata kama ni kisasi, ni haki yake, na maneno yenyewe ni ya kweli.

Jana nilijaribu kuanza na hapa. Nilikwenda kwenye mashine ya kusaga, nikamwambia mwenye mashine, mbele ya wanawake wawili wenye magunia, kwamba Elia hakuwahi kutumia spea feki, visu vilikuwa vyangu na kosa lilikuwa langu. Akauliza, "Kwani siku hizi Elia ndiye anayekuletea mzigo?" Wale wanawake wakacheka. Nikaapa. Akasema, "Sawa, sawa, mama, biashara ni biashara." Nimewafundisha watu wa mji huu kunifikiria hivyo kwa miaka yote hii. Nitasema tena siku ya soko, na tena siku ya soko nyingine, mpaka wachoke kutafuta sababu yangu.

Sikuandikii ili usishuku kitu. Spea zishuku zote. Boksi lisilo na mikwaruzo lishuku, skrubu inayoingia kirahisi mno ishuku, kisu kinachong'aa kupita kiasi kiangalie mara tatu. Hiyo ndiyo kazi, na mimi naijua vizuri. Kilichonishinda ni kuacha nilipomaliza na vitu. Niliendelea mpaka kwa watu, na mtu mmoja tu ambaye sikuwahi kumgeuza nimtazame nyuma ni mimi.

Kesho ukifika, msalimie yeye kwanza, shikamoo ya kweli kweli, si ile ya kuburuta. Atakuuliza kama nimekuambia. Alisema atakuuliza. Mjibu unavyoona. Ukitaka kumwomba radhi kwa lile neno la utotoni, ni juu yako, lakini deni hilo si lako, na ukilibeba utakuwa umenisaidia kuiba tena. Na ukiona huwezi kukaa kwake kwa aibu, rudi, sitauliza. Ila nakuomba ukae. Mkono wa baba yako upo kwako, na huyo bwana ameuona kabla hajaona jina.

Sasa umebaki wewe na mimi. Miaka yote hii umeniamini mimi peke yangu kwa sababu nilikufundisha usimwamini mwingine yeyote, na leo nimekupokonya hata huyo mmoja. Ninaogopa, Paska. Sijawahi kuogopa mtu aliyeingia dukani kwangu kama ninavyokuogopa wewe utakapomaliza ukurasa huu.

Gari linaondoka alfajiri. Nitakuwa nimeamka, nimevaa, nimekaa jikoni. Ukitaka nikusindikize stendi, niite. Ukitaka kwenda peke yako, beba begi lako ufungue mlango uende. Nitasikia komeo, nitajua, na sitachungulia dirishani.

Mama yako,
Fidesi